Uliza Tukujibu: Kelele za shimo la 17

SWALI: Mambo wahariri. Mimi ni kedi hapa Nakuru, juzi nimebeba begi na wazee wawili wakabishana raundi nzima kuhusu Ryder Cup ya 1999, ile ya gofu kati ya Marekani na Ulaya, eti Wamarekani walivamia griini, yale majani mafupi yenye shimo. Mmoja anasema walishinda kihalali, mwenzake anasema ilikuwa aibu tupu. Nani mkweli?

JIBU: Wote wawili bwana, na pole kwa kubeba begi pamoja na ubishi.

Hiyo ilikuwa The Country Club, Brookline, karibu na Boston, klabu ya tangu 1882. Ulaya walifika Jumapili wakiongoza 10-6, na kwa vile kombe walikuwa nalo tayari walihitaji pointi nne tu kwenye mechi 12 ili wabaki nalo. Ila kapteni wao Mark James alikuwa amewaweka benchi vijana watatu siku mbili nzima, sasa Jumapili kila mtu lazima acheze, wakaingia baridi hivyo hivyo na wote watatu wakala kichapo. Wamarekani wakazoa mechi sita za kwanza.

Basi ikaja mechi ya Justin Leonard na José María Olazábal. Leonard alikuwa nyuma mashimo manne na yamebaki saba, akarudi mdogo mdogo mpaka wakawa sare wakiwa shimo la 17, hapo akapiga pati, lile pigo la kuviringisha mpira shimoni, ya futi 45 hivi, ikapanda mlima ikazama. Weee! Wachezaji, wake zao, makedi, wote wakamiminika griini wanarukaruka, na Olazábal bado ana pati yake ya kusawazisha! Akangoja watulie, akapiga, akakosa, Leonard akawa mbele kwa shimo moja na limebaki moja tu. Olazábal akachukua la 18 mechi ikaisha sare, lakini nusu pointi waliyoitaka Wamarekani ilishaingia mfukoni, 14½ kwa 13½. Hakuna aliyepewa adhabu. Ila adabu ya gofu wewe unaijua kuliko mimi, mtu hajapiga hata kikohozi unakimeza. Mimi ningenuna.

Sasa hao wazee wamekunyima stori tamu zaidi ya shimo hilo hilo. Mwaka 1913 kulikuwa na US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, hapo Brookline, akatokea kijana wa miaka 20, Francis Ouimet, nyumba yao ng'ambo ya barabara ukitoka shimo la 17, na alikuwa kedi wa klabu hiyo kama wewe hapo. Siku ya mwisho akalimaliza la 17 kwa mapigo matatu, akawafikia mabingwa wa Uingereza, Harry Vardon na Ted Ray, halafu kwenye mchujo wa kesho yake akawapiga kwa mapigo 72 dhidi ya 77 na 78, maana kwenye gofu mwenye machache ndiye mshindi. Walker Cup, ile ya timu za ridhaa, ilipochezwa Brookline 1932, kapteni wa Marekani alikuwa nani? Ouimet huyo huyo.

Na begi lake siku ile ya 1913 lilibebwa na mtoto wa miaka 10, anaitwa Eddie Lowery. Wakianza tena ubishi waulize kama wanamjua.