Titresheni ya sabuni ya maji: kwa nini majibu hayalingani

Ndugu mwuliza, umeeleza kuwa sampuli moja ya sabuni ya maji kutoka soko la Sabasaba imekupa asilimia 9.8, 10.9 na 11.7 ya safaktanti (kemikali zinazosafisha) zenye chaji hasi, na mwenzako amepata 12.3 ingawa bureti yake (mrija wenye vipimo wa kudondoshea kimiminika) ilisoma ml 20.0, sawasawa na kipimo chako cha pili. Unashuku maji yetu ya visima yenye chumvi. Nimefanya titresheni hii, yaani kupima kiasi cha safaktanti kwa kudondosha kiyeyusho cha nguvu inayojulikana hadi rangi ibadilike, kwa miaka kadhaa hapa Dodoma, na maadamu unazimulia kwa maji yaliyokenekwa, mimi ningetafuta kosa kwingine.

Hebu tuanze na mkono wako. Mwanzoni tabaka la klorofomu (kiyeyushi kisichochanganyika na maji) lililo chini huwa la waridi, kwa sababu dimidiamu, rangi iliyo kwenye kiashiria, imeshikana na safaktanti. Hayamini, kemikali yenye chaji chanya unayoidondosha kutoka kwenye bureti, ikishamaliza kuichukua safaktanti yote, waridi hutoweka na chini hubaki rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Mabadiliko hayo hayaji hadi mchanganyiko utikiswe vizuri baada ya kila nyongeza, kisha uachwe matabaka yatengane. Mtu mwenye haraka hutikisa kidogo, huona waridi bado ipo, huongeza tone, na tone, hadi anapita mwisho bila kujua. Nilifanya hivyo karibu mwezi mzima. Kilichoniokoa ni kuangalia utengano wenyewe: mwanzoni tabaka hukawia kama uji, lakini ukikaribia mwisho hutengana upesi, na hapo ndipo pa kuhesabu tone mojamoja. Weka karatasi nyeupe nyuma ya silinda, na usisomee rangi kwenye jua la dirishani.

Chanzo cha pili ni povu. Siku moja nilipima kwenye mizani kile kilichotoka kwenye pipeti ya ml 25, nikakuta gramu 24.1, viputo vilikuwa vimeng'ang'ania ndani ya tumbo la pipeti. Tangu hapo sitikisi chupa ya ujazo kwa nguvu: naipindua taratibu, naiacha itulie, na povu likikaidi naongeza matone machache ya ethanoli kabla ya kujaza hadi kwenye mstari.

Kiashiria nacho kiwe na asidi ya salfuriki kama utaratibu unavyotaka, la sivyo sabuni ya kawaida ya mafuta inaweza kuhesabiwa pamoja na salfoniki, safaktanti kuu ya sabuni hizi. Klorofomu itumike ndani ya kabati la kunyonya hewa, hasa mchana wa joto wa Novemba.

Kuhusu mwenzako, hakukosea kupima. Gramu 10 za sabuni kwenye lita moja, ukichukua ml 25, ni gramu 0.25 za sampuli, ml 20.0 za hayamini ya molari 0.004 ni milimoli 0.08. Ukizidisha kwa 342, uzito wa molekuli unaotumika sana kwa chumvi ya salfoniki, unapata mg 27.4, yaani asilimia 10.9. Ukizidisha kwa 384, ambayo wengi huichukua kwa slesi (SLES, safaktanti nyingine yenye chaji hasi), unapata mg 30.7, yaani 12.3. Watengenezaji wetu huchanganya salfoniki na slesi, kwa hiyo hakuna namba moja iliyo sahihi kabisa. Mimi huandika kwanza milimoli 32 kwa gramu 100, ndipo niweke asilimia pamoja na uzito wa molekuli nilioutumia.