Fleti ya kupangisha ndani ya nyumba ya mawe: maswali yenu kutoka Mji Mkongwe

Maswali ya safari hii yametoka kwa wenye nyumba wa Mji Mkongwe, Zanzibar, waliokarabati nyumba za zamani ili wapangishe ghorofa moja. Ukiyachambua, karibu yote yanaishia kwenye maji au uzito.

Miaka mitatu iliyopita tulipiga lipu ya saruji ukuta wa chini ili tuzuie unyevu. Sasa imevimba, inatoa unga mweupe na mpangaji analalamika. Turudie kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji? (Shangani)

Msirudie. Ukuta huo ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita au zaidi, nao unanyonya maji ya ardhini mchana na usiku. Lipu ya chokaa huyaachia yatoke taratibu, ya saruji huyafungia ndani. Yakikosa pa kutokea hupanda, ndiyo maana doa lililokuwa likiishia magotini leo limefika kifuani. Unga mweupe ni chumvi: maji yanapokauka, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma.

Bandueni saruji yote kwa tindo na nyundo ndogo, kuanzia juu, mpaka nusu mita kupita doa. Mashine ya kutoboa isiguse hapo, inalegeza udongo ulioko kati ya mawe. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu na izolewe. Mkiiosha inarudi ndani. Kisha ukuta uachwe ukauke, na hapa wengi hukosa subira, maana ukuta mnene hukauka kwa miezi, si kwa wiki.

Lipu mpya ni chokaa ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, mchanga mkali ulio safi, usiwe wa pwani. Chokaa iwe imezimwa na kulazwa majini wiki kadhaa, kwani ile iliyozimwa juzi ina chembe ambazo zitaendelea kuumuka ukutani na kuacha vitundu. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka lisilozidi milimita 12, na la pili lingoje hadi la kwanza lisibonyee kwa kidole. Halafu funikeni kwa magunia mabichi na kunyunyizia maji wiki nzima. Upepo wa kaskazi ukiikausha lipu kwa siku moja, itapasuka na kuwa unga. Rangi nayo iwe chokaa, nyepesi, mikono minne au mitano. Mkipaka rangi ya plastiki mtakuwa mmerudi mlikotoka.

Wageni wanataka bafu ndani ya chumba, ghorofa ya pili. Fundi anasema tumwage zege juu ya boriti. Ni sawa? (Kiponda)

Si sawa. Zege la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa mita ya mraba. Bafu la mita 2 kwa 2 ni karibu tani moja, kabla ya tailizi, maji na mtu. Halafu zege linaficha kitu ambacho lazima kionekane: vichwa vya boriti. Boriti ya mkoko ni nadra kuoza katikati. Huoza pale ilipoingia ukutani, ambapo maji yakishaingia hayana njia ya kutoka. Ukiitazama kutoka chini imenyooka na imepakwa rangi vizuri, kumbe kichwa chake kimeshakuwa unga.

Anzeni na mahali. Bafu likae juu ya choo cha chini, kwenye ukuta wa uani. Chukueni bisibisi, chomeni kila boriti kwa nguvu ya mkono katika sentimita 30 za mwisho karibu na ukuta. Ikizama zaidi ya sentimita moja, boriti hiyo itolewe. Kabla ya kuitoa, wekeni miti ya kuegemeza kila ghorofa mpaka ardhini. Mkiegemeza ghorofa moja tu, mmehamishia mzigo kwenye dari ya chini yake. Badilisheni boriti moja moja. Kichwa kipya kiingie ukutani sentimita 15 angalau, kiachiwe nafasi ya hewa, na kisishindiliwe kwa saruji.

Kifusi cha mawe na chokaa kilichokuwa juu ya boriti kitolewe, kwa sababu ndicho uzito mtakaoupunguza. Badala yake pigeni mbao, juu yake bodi ya saruji, kisha tabaka mbili za dawa ya kuzuia maji zinazopanda ukutani sentimita 15, na mita 1.8 sehemu ya shawa. Tailizi zisibandikwe moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe. Jengeni kiambaza chepesi mbele yake, kiache upenyo wa hewa. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

Kabla ya tailizi, zibeni tundu, jazeni maji ya sentimita 2 na muache saa 24. Mtu akae chini atazame dari. Fundi akikwambia hakuna haja, tafuta fundi mwingine. Bomba la choo, milimita 110, lipite nje ya ukuta wa uani lionekane. Halipendezi, lakini lililozikwa ukutani linaweza kuvuja mwaka mzima bila mtu kujua.

Maji ya bomba hukatika. Tuweke tangi la lita 2,000 juu ya paa? (Mkunazini)

Hizo ni tani mbili juu ya vyumba vya watu. Tangi kubwa likae uani, chini, pamoja na pampu. Juu inatosha lita 200, tena juu ya ukuta mnene, si katikati ya boriti.

Ufa umetokea kwenye kona ya ukuta wa njiani. Tuuzibe? (Malindi)

Msiuzibe bado. Wekeni alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zote mbili, halafu bandikeni ukanda mwembamba wa jasi ukikatiza ufa. Jasi ikikatika, ukuta unatembea. Ufa unaopanuka kadiri unavyopanda juu huashiria kwamba ukuta unaegemea nje, na mara nyingi boriti hazijaushika tena. Ukifikia milimita 5, au jasi ikikatika, mpangaji ahamishwe chumba hicho siku hiyo hiyo na mhandisi aitwe. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, iliporomoka Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati.

Nyumba ni yetu wenyewe. Tunahitaji kibali kubadili madirisha? (Hurumzi)

Ndiyo. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kibali hutolewa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Pelekeni michoro na picha kabla ya kununua hata msumari. Madirisha ya alumini upande wa njiani msiyafikirie. Kama nyumba ni ya wakfu au ya serikali, ridhaa ya mwenye mali iwe kwa maandishi. Mkitaka kupangisha watalii, ulizeni pia leseni Kamisheni ya Utalii.

Bili ya umeme imetugombanisha na mpangaji. (Vuga)

Fleti iwe na mita yake na mein swichi yake. Kila kiyoyozi kipate waya wake wa milimita 2.5 za mraba na breka yake, na bafuni kuwe na kifaa cha kukata umeme ukivuja, cha miliampia 30. Waya zipite kwenye uso wa ukuta ndani ya mifereji ya plastiki, msichonge mawe. Na mkiwa hapo, tazameni mpira wa maji wa kiyoyozi unamwaga wapi. Ukidondokea ukutani, hutoa lita kadhaa kwa siku, na doa lake watu hulisingizia paa.