Jibu: Kueleza kisa cha wimbo bila kuua utamu wake

Ndugu, umeuliza namna ya kuwaeleza wasikilizaji kisa kilichozaa wimbo wako wa taarab. Mafumbo ndiyo roho ya taarab, kwa hiyo usiyafumbue. Taja mahali, msimu na kitu kimoja kinachoonekana, mfano kanga iliyoachwa kambani. Aliyekosa na aliyekosewa usiwataje. Dakika moja inatosha. Ukizidisha, wapigaji wanapoa na watu wanasubiri umbea badala ya mashairi.

La muhimu zaidi: andika kisa siku ileile unayotunga, na uhifadhi hata mistari uliyoifuta. Kumbukumbu huufuata wimbo. Tuseme kisa kilitokea Jumapili: Jumapili na Ijumaa zote zina mizani (silabi) 4. Kina kikidai “a” utaimba Ijumaa, na miaka ikipita utaapa kisa kilitokea Ijumaa.