Kazi ya kuhudumia mashine za maabara, Mtwara na Lindi

Mdogo wangu, umeuliza kama uikubali kazi ya kuhudumia mashine za maabara huku Kusini, na wewe ulisomea umeme tu. Ikubali. Umeme ndio msingi, mengine utafundishwa. Ila ukifika usikimbilie kufungua mashine: pima umeme wa ukutani na waya wa ardhi, kisha muulize mtaalamu wa maabara tatizo lilianza lini. Mimi niliwahi kubadilisha pampu nzima, kumbe chujio la maji limeziba. Bado inaniuma, maana majibu ya wagonjwa yalichelewa. Glavu usivue, humo mna damu za watu. Na vipuri vidogo tembea navyo. Mei 2024 mafuriko yalikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam, magari yakakwama.