Kuhusu picha mbili za kisiasa unazotaka kuziondoa kwenye maonyesho kabla ya uchaguzi

Mwenzetu ameuliza kama aondoe picha mbili za kisiasa kati ya kumi na mbili anazokusudia kuonyesha Nairobi mapema mwaka 2027, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti, na kama ni busara kuacha kuchora mambo hayo hadi joto lipoe. Hayo ni maswali mawili, nami nilipokuwa kijana nilikosea kwa kuyajibu kana kwamba ni moja.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipozuka na watu zaidi ya 1,100 wakauawa, sikushika brashi kwa miezi mitatu, kwa kuwa nilijiambia kwamba hakuna ukuta ambao ungekubali picha za mambo yale. Wakati huohuo mchoraji Solomon Muyundo, tunayemjua kwa jina la Solo 7, alikuwa akizunguka Kibera akiandika maneno ya kudai amani kwenye kuta na mabati, na kabla ya mwaka 2008 kwisha kituo cha sanaa cha GoDown, hapa Nairobi, kikaonyesha picha za wapigapicha waliokuwa mitaani siku zile. Kumbe ukuta ulikuwapo, ila mimi sikuwa na cha kutundika.

Mwaka 2017 nilikuwa nacho. Nilikuwa nimechora foleni ya akina mama wenye mitungi ya manjano, wakisubiri mbele ya sanduku la kura lenye bomba la maji mahali pa tundu la kutumbukizia karatasi, na bomba lenyewe kavu. Hoteli niliyokuwa nikionyesha ilikubali picha zote bila neno. Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya kura ya tarehe 8 Agosti, meneja aliniita, akasimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini leso za wanawake wawili wa mbele ni za rangi ya chungwa. Nilimweleza ukweli, kwamba kopo la rangi hiyo ndilo lililokuwa limebaki, lakini katika nchi ambayo tangu kura ya maoni ya 2005, chungwa lilipokuwa alama ya waliopinga rasimu ya katiba na kisha ya chama cha ODM, chungwa si tunda tu, jibu hilo halikumtosha. Aliniomba nizipake rangi nyingine au niishushe. Niliishusha, ila msumari nikauacha, pamoja na kibandiko chenye jina la picha na bei yake, na kwa siku zilizosalia wageni waliuliza habari za nafasi ile tupu kuliko walivyouliza za picha nyingine yoyote.

Hilo la sanduku la kura lenye bomba meneja hakuliona kabisa, au alijifanya hakuliona.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anayekuogopesha huenda hata asiwe serikali, bali mwenye ukuta anayewawazia wateja wake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33, inataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa, huku ikikataza uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki, lakini haimlazimishi mtu binafsi kukupa ukuta wake. Ndiyo maana sasa situndiki kitu bila makubaliano ya maandishi yanayosema ni nani anaweza kushusha picha, kwa notisi ya siku ngapi, na nani atalipia gari la kuirudisha. Mchoraji wa Nairobi Michael Soi alipochora picha za kuikejeli Kenya mwaka 2015, wakati wasanii wa Kichina walipopangiwa kuijaza nafasi ya Kenya katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, hakuna meneja aliyemshika mkono, kwa kuwa alizianza katika studio yake mwenyewe. Serikali nayo ilijitenga na maonyesho hayo baadaye.

Jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakalokubana, ni fedha. Wanunuzi wangu wengi huwa ni wageni, na katika mwaka wa uchaguzi husafiri mapema au hufunga mifuko hadi matokeo yatulie. Mwaka 2017 kura ya urais ilifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba na kurudiwa tarehe 26 Oktoba, nami sikuuza hata picha moja hadi Krismasi. Weka akiba ya kodi ya miezi sita, nunua merikani na gundi mapema, na umlipe seremala wa fremu kabla mkono haujakauka.

Picha zote mbili zichore hadi ziishe, uandike tarehe nyuma ya kila moja, uzipige picha mchana penye mwanga mzuri. Kuhusu kuzionyesha, mpelekee mwenye ukuta zote kumi na mbili sasa, ajibu kwa maandishi. Akizikataa mbili, utakuwa na muda wa kutosha kuzitafutia ukuta mwingine. Ile ya akina mama na mitungi niliiuza mwaka 2019 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyeilipa kwa awamu tatu. Leso bado ni za chungwa.