Shangazi, bwana yangu ni mchungaji lakini anabeba maji barabarani

"Bwana asifiwe, Shangazi. Nina miaka kumi na moja ya ndoa na watoto watatu. Bwana yangu ni mchungaji hapa Goma, kartie Majengo, na mwaka jana wamemfanya msimamizi wa parokia nzima. Nilidhani sasa atajiheshimu. Wapi! Mjane anayekaa nyuma ya kanisa akikosa maji, bwana yangu anabeba bidoni begani mpaka mlangoni kwake. Kwenye matanga hakai na wakubwa, anakwenda kupasua kuni na vijana. Juzi wageni walikuja kutoka makao makuu, waumini wakaleta fotei mbili, vile viti vya heshima vya mito, yake na yangu. Yake akampa bibi mmoja mwenye miguu iliyovimba, yeye akaketi kwenye benchi. Baada ya ibada wageni wakamkuta anasugua choo cha kanisa, mikono ya shati ameikunja. Wamama wananicheka. Hata mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye tunakaa naye na anatusaidia kuchota maji, bwana yangu anamnyang'anya bidoni njiani na kubeba mwenyewe, watu wote wakitazama. Mimi si mtu wa makuu, Shangazi. Kila Jumapili nasalimia hata maskini. Lakini cheo kina heshima yake. Nimwambieje aelewe?
Mama Mchungaji, Goma"

Asifiwe, Mama Mchungaji. Pole kwa kuchekwa, najua kunauma. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeirudia barua yako nikimtafuta huyo mume mbaya, sikumwona. Halewi, hakupigi, hana nyumba ya pili Ndosho, na sadaka haijapotelea mikononi mwake. Lingekuwepo hata moja kati ya hayo ungelianza nalo, maana wanawake wanaoniandikia nawajua. Mashtaka yote kurasa tatu ni kwamba mtu huyu anatumika, na anatumika mchana, mbele ya macho ya watu.

Na hao wamama wanaokucheka, mbona hukuandika hata neno moja walilosema? Mtu aliyechekwa kweli huwa analikumbuka neno, na aliyelisema, na kitenge alichovaa siku hiyo. Nina shaka hakuna aliyecheka. Nadhani ulijiona tu, umebaki peke yako kwenye fotei, na jirani yako si mchungaji tena bali ni bibi mwenye miguu iliyovimba. Unasema unasalimia maskini kila Jumapili. Huyo aliyekuwa ubavuni kwako ulimsalimia?

Fungua Mathayo 20. Kuna mama pale, mke wa Zebedayo, amekuja na wanawe wawili kumwomba Yesu viti, mmoja kuume na mmoja kushoto. Mama yule hakujiombea kitu. Ndivyo tulivyo sisi wanawake, ukubwa wetu tunauomba kwa jina la mwingine, mwana au mume, halafu tunasema hatuna makuu. Wale mitume kumi waliposikia walikasirika, na usidhani ni kwa utakatifu, viti vilevile walikuwa wakivitamani. Yesu hakuwakataza kutaka kuwa wakubwa. Aliwaonyesha njia ilipo: mkubwa wenu awe mtumishi wenu. Wahenga wetu nao walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bwana yako ameinama. Wewe umesimama pembeni unaona haya kwa niaba yake.

Haya hiyo si mpya. Petro alikuwa nayo. Usiku ule wa karamu ya mwisho, Luka anatuambia mitume walikuwa bado wanagombania nani mkubwa kati yao. Yohana sura ya 13 anatuambia Bwana akainuka mezani, akaweka vazi kando, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika beseni. Akaosha miguu yote, na ya Yuda pia, huku akijua. Petro peke yake akasema, mimi hutaniosha kamwe. Ukisikia haraka utadhani ni heshima kwa mwalimu wake. Mimi naona Petro alijua kwamba Bwana akishika miguu ya watu, basi na yeye Petro zamu yake itafika. Ndicho unachokiogopa. Mchungaji akiosha choo, Mama Mchungaji ataendelea kukaa kwenye fotei mpaka lini?

Kuosha miguu ilikuwa kazi ya mtumwa kwa sababu njia za kule zilikuwa za vumbi na watu walivaa viatu vya wazi. Goma shida si vumbi tu, ni maji. Mji umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, na kuchimba kisima kwenye mwamba ule si kazi ya jembe. Moto wa mlima ulipasua mji Januari 2002 mpaka ziwani, ukarudi Mei 2021, na mabomba nayo yakapata yake. Nani asiyezijua bidoni za njano, alfajiri, mgongoni kwa wamama na juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili? Ya lita 20 ni kilo 20, na mjane hana wa kumtuma. Kwa hiyo bwana yako hafanyi vituko. Anaosha miguu kwa namna inayofaa Majengo.

Mji wenu umetoa mtu wa namna hiyo. Najua ninyi ni Waprotestanti, lakini sikiliza. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, anafanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, na jioni alikaa na maibobo, watoto wa mitaani, akiwasaidia wasome. Walimletea rushwa apitishe vyakula vilivyooza, akakataa. Wakamuua mwaka 2007, ana miaka 26. Juni 2025 Kanisa Katoliki likamtangaza mwenyeheri kule Roma. Wakubwa wa mpakani wa wakati ule, unaweza kunitajia mmoja?

Ila ndoa za siku hizi ndivyo zilivyo, na si yako tu. Mabinti wananiandikia kuuliza cheo cha mchumba kanisani kama zamani baba zetu walivyouliza ng'ombe. Miaka yetu kulikuwa na mchungaji, mzee wa kanisa na shemasi, basi. Leo kila avenii ina mtume, ina nabii, ina askofu mkuu mwenye waumini arobaini na kijana wa kumbebea Biblia, kana kwamba Biblia ni gunia la makala. Mke naye anataka kiti kinacholingana, na picha, na kitenge kipya kila sikukuu. Mume akikataa fotei, nyumba nzima inaona imeibiwa. Wanawake, mliolewa na mtu au na fotei?

Haki niseme. Kama angebebea mjane maji huku pipa la nyumbani kwake ni kavu na mke anahangaika, ningekuwa upande wako, na ningemwandikia maneno makali, maana wako watumishi wa namna hiyo, wapole barabarani na simba chumbani. Lakini kwa maneno yako mwenyewe nyumbani kwako maji yapo.

Na hapo ndipo nilipokasirika. Yapo kwa sababu yatima wa dada yako anayachota. Umeandika mstari mmoja tu juu ya mtoto huyo, tena ndani ya malalamiko. Kilo 20 kichwani mwa mtoto hazikukutia haya, ila kichwa hicho kutuliwa mzigo na mume wako ndiko kulikokuaibisha. Nimeisoma sehemu hiyo kwa sauti, jirani yangu akauliza ni nani amefanya hivyo.

Sasa usimwambie bwana yako kitu. Kesho asubuhi chukua bidoni uende naye ziwani au bombani, popote mnapochota, na huyo mtoto abaki alale. Ukirudi mnunulie bidoni ya lita 5, ndiyo saizi yake. Jumapili keti kwenye benchi. Wakikucheka, andika walichosema, neno kwa neno, uniletee.

Na uniambie huyo mtoto ana miaka mingapi na anasoma darasa la ngapi. Katika kurasa zote tatu hukulisema, wala jina lake.