Kabla hujapokea simu ya bosi: kwa mliofungua karakana msimu huu

Juzi baada ya magharibi nilipita mtaa wa Langoni, hapa kwetu Amu (Lamu), nikamkuta kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika patasi. Ameketi mlangoni mwa karakana yake mpya, simu sikioni: "Sawa bosi, samahani bosi," kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni. Bosi yuko Nairobi, amebadilisha mchoro mara tatu, na arbuni hajatoa. Nikapita bila kumsalimu vizuri, maana ile sura niliifahamu. Niliwahi kuivaa. Basi wanangu, haya ni yenu.

1. Hakuna arbuni, hakuna mbao. Chukua nusu. Akikuuliza "kwani huniamini?" mjibu kwamba muuza mbao naye hakuamini wewe.

2. Mtazame anavyosema na hamali. Hapa ninasimama kidogo, mnisamehe.

Kulikuwa na mtu anajenga jumba Shela, kijiji cha jirani. Alitaka mlango mkubwa wa mbambakofi, madirisha sita na vitanda viwili. Mimi nilikuwa nimeshaona mabati ya nyumba ya mama yangu humo ndani. Siku ya kwanza nilimpokea gatini. Maji yamekupwa, boti imesimama mbali, akalowa viatu, akamfokea nahodha matusi ambayo siyaandiki. Kwa sababu ya maji kupwa! Na mimi, mtoto wa Amu, nikacheka pamoja naye. Nahodha alinitazama tu. Mpaka leo nikipanda boti yake nalipa bila kuomba punguzo.

Kazi ikaanza. Mara anataka maua, mara ameleta picha ya mlango wa Unguja wenye misumari ya shaba, mara mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, ni mnene uchongwe upya. Ujumbe wa sauti ulikuwa ukiingia saa tano za usiku, dakika saba mfululizo, nami nausikiliza wote, nimelala na simu kifuani. Mke wangu akaniambia, "Tangu huyu mtu aje, hata watoto unawatazama kama unawapima urefu." Nikamkasirikia, maana alisema kweli.

Wakati huohuo bibi mmoja wa Mkomani, ambaye ukoo wake tunawafanyia kazi tangu enzi za baba, alikuwa ameagiza kitanda cha harusi ya mjukuu wake. Alilipa yote, taslimu, zimefungwa kwenye leso. Nikampiga kalenda wiki moja, mbili, nne. Harusi ikafika kitanda kina miguu mitatu. Nilimrudishia pesa zake nikitazama chini. Hakunitukana. Alisema, "Haya mwanangu, Mungu akufanyie wepesi." Afadhali angenipiga.

Na lile jumba? Kwa haraka za bosi nilitumia mbao ambayo haijakauka. Kaskazi ilipoingia na jua lake, ubao ukanywea, mlango ukafunguka nyufa za kupitisha kidole. Akakataa kulipa salio, na kwa hilo simlaumu, mbao mbichi niliijua ni mbichi. Ninachojilaumu zaidi ni kwamba mlango wenyewe nilikuwa nimeuona tangu gatini, siku ya viatu.

3. Andika: vipimo, aina ya mbao, siku ya kumaliza, na mabadiliko mangapi ni ya bure. Mtie saini nyote wawili.

4. Baada ya isha zima simu. Nairobi itakuwepo kesho.

5. Anayetaka umtafutie mlango wa zamani aupeleke ng'ambo, mkatalie papo hapo. Milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1946 zinalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Atakwambia mfanye kimyakimya. Siku mambo yakiharibika, kimya hicho atakinyamazia yeye na kesi utakuwa nayo wewe.

6. Usiwadharau wenye kazi ndogo. Machi 2020 ndege za kigeni ziliposimamishwa, Shela ilikuwa kimya unasikia punda anavyotafuna. Kilichotulisha ni vigoda, bawaba na milango ya vyoo. Hata mwaka wa kawaida, kusi ikivuma Mei na Juni na wageni wamepungua, hao ndio wanaobisha hodi. Hawana ujumbe wa dakika saba. Wanakuja wenyewe, wanakaa kibarazani, wanakupa habari za mji, na ukiondoka kwenda kusali wanakulindia vifaa.

Yule bibi wa Mkomani alirudi baada ya miaka miwili, mjukuu mwingine amembebea mbuzi ya kukunia nazi iliyovunjika mguu. Nikaitengeneza akiwa anangoja, nikakataa malipo, akanitupia noti juu ya randa. Kisha akaniuliza, macho yake yako barabarani:

"Na kile kitanda, bado kina miguu mitatu?"

Nikamwambia niliutia wa nne, sasa nakilalia mimi.

Alicheka mpaka ikabidi aketi juu ya mbuzi.